Vitofali na Jina la Penseli

Nilimwacha amalize. Mzee wa watu ana miaka zaidi ya themanini, ameegemea fimbo. Kwa hiyo nilitulia kwenye kiti changu cha plastiki pale meza kuu, nikamsikiliza Mwalimu Chilumba, aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya Newala, akiwaeleza wahitimu wenzangu na watoto wao jinsi alivyonigundua. "Huyu Esha mnayemwona," alisema, "nilimwona mimi. Tangu kidato cha pili nikasema, mtoto huyu nitampeleka ufundi." Watu walipiga makofi. Rafiki yangu Somoe, aliyekaa mstari wa pili na mjukuu mapajani, hakupiga. Alinitolea macho, akainua nyusi, nami nikajua tunafikiria jambo moja. Nyuma ya mwalimu lilisimama kabati la vioo lililotolewa ofisini ili wageni walione. Ndani yake ilikaa mashine yangu ya vitofali, na chini yake karatasi iliyochapwa kwa kompyuta: "Kifaa cha kupandisha maji. Kilibuniwa na Mwalimu Chilumba pamoja na wanafunzi wake."

Sitaeleza hapa nilizaliwa na nani wala ukoo wetu ulifikaje Chiwata. Hayo yana wenyewe, na ni hodari wa kusimulia kuliko mimi. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, kuanzia kiangazi cha kidato cha pili hadi kiangazi kilichofuata, nilipokuwa na miaka kumi na sita. Nauandika kwa sababu nisipouandika mimi utabaki kusimuliwa na Mwalimu Chilumba, na mmekwisha kusikia anavyousimulia. Mimi ni fundi wa pampu. Nina karakana yangu Masasi, nyuma ya soko, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimeshika spana kila siku isipokuwa Ijumaa. Watu huniuliza nilianzia wapi. Nikiwaambia nilianzia kwenye vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto, hucheka wakidhani nawatania. Acha wacheke.

Aliyekaa Newala hahitaji kuelezwa habari ya maji. Mji uko ukingoni kabisa. Ukisimama nyuma ya bweni letu uliliona bonde la Ruvuma lote limetandazwa chini, na maji yalikuwa huko huko chini. Mtambo wa kuyasukuma ulikuwepo, ila mwaka ule ulikuwa mgonjwa wa kudumu, ukifanya kazi wiki moja unapumzika tatu. Ukilala, zamu ya bondeni ilikuwa ya wasichana. Wavulana walipasua kuni, na kuni ziko juu. Kuna mahali njia inabana katikati ya miamba, hupiti na ndoo kichwani hata uwe nani, kwa hiyo tulijipanga mmoja juu ya mwingine tukapokezana mkono kwa mkono, ndoo iliyojaa ikipanda na tupu ikishuka. Pa kupumzikia, kila mmoja alitia jiwe chini ya ndoo yake isiteleze, maana ikiteleza pale unairudia safari nzima. Nilipanda miamba ile shingo inaniuma, najiuliza kwa nini maji ya shule nzima yapandishwe na shingo zetu. Nilipouliza kwa sauti niliambiwa nina mdomo. Ni kweli, ninao, na bado sijaona sababu ya kuufunga.

Sanduku la vitofali lilikuja shuleni na marobota ya nguo za msaada. Lilikuwa na vitofali vyekundu na vya njano vinavyoshikana kwa vifundo vyake, vijiti vya ekseli, mikanda ya mpira, na magurudumu ya meno ya ukubwa tofauti tofauti. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimechanika, zimebaki kurasa mbili za picha ya winchi. Mwalimu Mkopoka, aliyefundisha ufundi, aliliomba kwa ajili ya wavulana wa karakana. Wakajenga lori siku moja, wakalisukuma mezani, wakalichoka, wakarudi kwenye mpira. Sanduku likawekwa kwenye rafu chini ya dirisha, na pale ndipo mimi nilipolikuta, kwa sababu wasichana ndio waliofagia karakana kila Jumamosi. Chumba kile nakiona hadi leo: meza nzito zenye makovu ya misumeno, harufu ya gundi na maranda ya mninga, vumbi jekundu linaloingia hata madirisha yakifungwa. Somoe alinitazama nikigusa magurudumu yale, akachukua ufagio wangu akauongeza kwenye wake. "Fanya," alisema. "Mimi nitafagia kwa wawili. Ila wakija, mimi sikujui."

Siku ya kwanza niliweka gurudumu kubwa kwenye mkono wa kuzungushia na dogo kwenye kamba. Ndoo, ambayo ilikuwa kichupa cha dawa nilichoomba zahanati, ilipanda mbio mpaka nikacheka peke yangu. Nikaitia maji, nikazungusha, mkono ukagoma kabisa. Jumamosi nzima ikaishia hapo. Nikaenda kula ugali wa muhogo na kisamvu nikiwa sijui ninachokula, mpaka Somoe akaniuliza kama nimefiwa. Jumamosi iliyofuata niligeuza: dogo kwenye mkono, kubwa kwenye kamba. Ndoo ikapanda polepole, nzito, imejaa, nami nazungusha kwa kidole kimoja. Sijui nielezeje furaha ile. Nimeolewa, nimezaa, nimefungua karakana yangu mwenyewe, na bado nikiulizwa ni lini nilifurahi kupita siku zote, nitaitaja Jumamosi ile. Mwalimu Mkopoka aliniona akiwa mlangoni. Alikuwa mtu mwoga, mwenye kukohoa kabla ya kila sentensi, na siku ile alikohoa tu, akaondoka.

Kutoka hapo sikushikika. Ndoo ilipanda lakini nikiachia mkono inaanguka, nikakumbuka yale mawe yetu ya kupumzikia. Nikatengeneza ulimi, kijiti kinachovutwa na mpira kidumbukie kwenye meno ya gurudumu, kizuie ndoo isirudi. Ulimi huo ungeweza kuulaza upande huu au ule, kulingana na unakotaka kuzungusha. Kisha nikakumbuka tunavyopokezana kwenye miamba. Nikajenga genge la vitofali lenye kibaraza katikati, nikafunga kamba mbili kwenye ekseli moja, zimezungushwa kinyume, hivyo ndoo ya chini ikipanda, ya juu inashuka kuipokea. Zinakutana kibarazani, ya chini inagonga upau, inainama, inamwaga maji kwenye kopo la samaki, yanatiririka yanaingia kwenye ya juu. Unageuza ulimi, unazungusha upande wa pili, ya juu inapanda na maji, ya chini inarudi bondeni tupu. Hakuna picha iliyonifundisha hilo. Nilifundishwa na wasichana wa shule ile na shingo zao, na ndiyo maana ile karatasi ya kompyuta ilinichoma roho.

Mwezi wa tisa ulikuwa wa kupanga michepuo ya kidato cha tatu. Siku hiyo nilikuwa zamu ya chai ofisini kwa walimu, nimebeba birika na sinia la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, na walimu wanapokula ming'oko hawakumbuki kwamba mbebaji ana masikio. Mwalimu Chilumba alikuwa anasoma orodha. "Wasichana wote sayansi kimu," alisema, akichovya kwenye chumvi na pilipili. "Tumalize hilo." Mwalimu Mkopoka akakohoa. "Mkuu, yule wa Chiwata, Esha, ana mkono." Mwalimu Chilumba akacheka, wala si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemtania shemeji. "Mkono wa kukanda chapati utampeleka kwenye randa? Mwakani anaolewa, Mkopoka. Nyundo utambakizia nani?" Wote wakacheka, na Mkopoka naye akacheka, tena huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Niliwamiminia chai bila kumwaga hata tone. Nataka ieleweke: sayansi kimu sikuidharau. Napika, nashona, na biriani yangu watu wanaifuata kutoka Ndanda. Ninachokataa ni kupangiwa maisha na mtu mwenye ming'oko mdomoni.

Kesho yake nilimfuata ofisini kwake. Nikapiga hodi, nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia nataka mchepuo wa ufundi.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, Mwalimu. Nimejenga mashine ya kupandisha maji. Njoo uione."

Hapo akainua macho. Akatabasamu, na tabasamu lile nilikuja kulijua vizuri: ni la mtu anayekupa kamba ndefu ujifunge mwenyewe. "Haya," alisema. "Siku ya maonyesho ya shule, mbele ya wageni, mashine yako ikipandisha maji, utakwenda ufundi. Isipopandisha, utakwenda kimu, na jambo hili usiniletee tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu. Siku ya maonyesho."

Sasa nieleze kosa langu, maana sikuja hapa kujipamba. Vumbi letu jekundu lilikuwa limeingia kwenye meno, mashine inalia kwa kelele na kukwamakwama. Grisi ya karakana ilifungiwa. Lakini kwetu kila nyumba ina mafuta ya maganda ya korosho. Tunayapaka kwenye nguzo mchwa wasile, na ukiipita nguzo mpya iliyopakwa unaona inang'aa, na ukiigusa inateleza. Nikaona nimepata. Ilikuwa msimu, na nyuma ya jiko la shule mpishi wetu, Mama Zuhura, alikuwa akibangua korosho za chakula cha wageni, moshi mweusi unamzunguka, mafuta yanachuruzika kutoka kwenye karai lenye matundu. Nikakinga kikopo. "We mwali," alisema Mama Zuhura, "hayo yatakubabua." Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia. Nilipaka kila jino kwa kidole, mpaka vidole vikababuka, ngozi ikawa nyeusi na kuanza kumenyuka. Lakini mashine ilizunguka kimya, laini, ajabu. Nikaiweka kwenye dirisha la karakana lenye jua ili kila apitaye aione, nikaiacha siku kumi. Hakuna mtoto wa huku kwetu asiyejua kwamba nguzo iliyopakwa mafuta yale inateleza siku za kwanza, kisha inakauka na kushika kama rangi ya mlango. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo hizo tangu naanza kutembea, na bado sikufikiria.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wazazi walivaa vizuri, mgeni kutoka ofisi ya elimu aliketi mbele, wavulana wa ufundi walipanga stuli na fremu zao za madirisha. Nilivaa sare niliyoipiga pasi ya mkaa, mikono nimeificha nyuma kwa ajili ya vidole. Mwalimu Chilumba alimleta mgeni mezani kwangu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na huyu binti anatupandishia maji ya Newala." Nikajaza ndoo ya chini. Nikashika mkono, nikazungusha. Haukwenda. Nikakaza. Haukwenda. Meno yalikuwa yameshikana yote, gurudumu na ekseli na ulimi, kitu kimoja. Mvulana mmoja nyuma alisema, "Labda kuna mgao," na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mgeni akiwemo. Mwalimu Chilumba hakucheka. Aliniinamia, akasema taratibu, "Peleka hiyo jikoni. Na wewe ubaki huko huko."

Sikuipeleka. Hadi leo sijui miguu yangu ilipata wapi ubishi ule, maana moyo ulikuwa unataka kukimbia mpaka Chiwata. Nilikaa chini sakafuni, palepale mbele ya meza, nikaiweka mashine mapajani, nikaanza kuifungua kitofali kimoja kimoja. "Simama," alisema. "Samahani, Mwalimu, naitengeneza," nilisema. Hakutaka kunivuta mbele ya wageni, kwa hiyo aliwageuza wageni. Wakapita meza nyingine, wakatoka kwenda kula, ukumbi ukabaki na mimi na harufu ya pilau. Somoe akaja mbio, akaona, akaondoka mbio, akarudi na Mama Zuhura. Mama Zuhura aliweka chini taa ya jikoni, akafungua tangi, akanimiminia mafuta ya taa kwenye bakuli, akachana pembe ya kanga yake kuukuu. "Nilikwambia yatakubabua," alisema. "Sugua." Tukasugua watatu. Mafuta ya taa kwenye vidole vilivyomenyuka, sitaki hata kukumbuka. Machozi yalinitoka, lakini nilisugua, na Somoe alisugua akiimba chinichini, na jino baada ya jino rangi ile ya kahawia ikalegea.

Ilipofika saa kumi kasoro mashine ilikuwa imesimama tena. Wageni walikuwa wameondoka, watoto wanabeba viti. Mwalimu Chilumba alipita na Mwalimu Mkopoka wakienda kufunga ukumbi. Nikamwita. Nikazungusha mbele yake. Ndoo ya chini ikapanda, ya juu ikashuka, zikakutana, maji yakamwagika kwenye kopo, yakaingia kwenye ya juu. Nikageuza ulimi, nikazungusha, maji yakafika kileleni. Mama Zuhura akapiga kigelegele kimoja kikavu. Mwalimu Chilumba alitazama mpaka mwisho, nakiri hilo. Kisha akasema, "Umechelewa. Wageni wamekwenda."

"Tulielewana siku ya maonyesho, Mwalimu. Leo ndiyo siku ya maonyesho. Jua hilo hapo, halijatua."

"Nilisema mbele ya wageni."

"Hukuniambia nizuie wageni wasile."

Nilipata adhabu ya kung'oa kisiki kwa jibu lile, kisiki cha mkorosho mzee nyuma ya bweni la wavulana, na orodha ya michepuo ilipobandikwa jina langu lilikuwa chini ya sayansi kimu. Kisiki nilikichimba mizizi asubuhi mbili, kisha nikaomba boriti ndefu, nikaweka jiwe chini yake, nikakalia ncha ya boriti. Kikang'oka. Mwalimu wa zamu alikuja akakuta nimekikalia nakula mabibo.

Januari tulipofungua, nilikwenda ufundi. Nilikwenda tu. Nilibeba kiti changu, nikakiweka nyuma kabisa karibu na rafu, nikafungua daftari. Wavulana walimtazama Mwalimu Mkopoka, naye akakohoa, akaendelea na somo. Masomo ya kimu niliyafanya jioni kutoka kwenye daftari la Somoe, ili wasinipate hapo. Lakini mtu asiyekuwa kwenye mahudhurio hayupo, hata kama anaonekana. Mtihani hafanyi, kifaa hagusi. Mahudhurio yalikaa juu ya meza ya mwalimu. Jumatatu ya kwanza, kipindi kilipokwisha, nikachukua penseli, nikaandika kwenye mstari wa mwisho, chini ya jina la mvulana wa thelathini na mbili: Esha Nakanje. Kila Ijumaa mchana daftari lilikwenda kwa mkuu wa shule kusainiwa. Likarudi jina limefutwa. Jumatatu nikaliandika tena. Ijumaa likafutwa. Jumatatu nikaliandika. Aliniita ofisini, akanionyesha mpira wa kufutia mezani kwake, mpya, wa rangi mbili. "Unachezea muda wangu," alisema. Nikamjibu, "Na wewe wangu, Mwalimu." Visiki vikaongezeka. Nikawa bingwa wa visiki wilaya nzima, na mikono yangu, ngozi mpya ikiota juu ya ile nyeusi, ikawa migumu kuliko ya mvulana yeyote wa karakana.

Wapo watakaosema nilikosa adabu. Nilimpa shikamoo kila nilipokutana naye, nilipisha njia, sikuwahi kumpandishia sauti. Adabu niliyoikataa ni ile ya kukubali kwamba sipo. Mwanangu mmoja aliwahi kuniuliza, hukukata tamaa? Nilikata, wiki ya nne au ya tano. Nililia kwenye kanga ya Somoe mpaka ikaloa, nikasema basi, nitakwenda kimu. Somoe akaniambia, "Nenda. Ila nirudishie zile Jumamosi zangu nilizofagia kwa wawili." Jumatatu nikaandika jina. Na Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkopoka alisimama mbele, akafungua mahudhurio, akaita majina thelathini na mawili. Akakohoa, kikohozi kirefu mpaka nikadhani anaumwa. Kisha akaita, "Esha Nakanje." Wavulana wote wakageuka nyuma. Nikasema, "Nipo, Mwalimu," na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Yule alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowajua, kwa hiyo najua ilimgharimu nini.

Kilichonimalizia vita si huruma ya mtu. Ni karatasi. Mstari ule uliandikwa na kufutwa wiki kumi na moja, na Ijumaa ya kumi na moja mpira wa Mwalimu Chilumba ukapita upande wa pili. Tundu. Tundu kwenye daftari la serikali, kubwa la kupitisha kidole, na wakaguzi walikuwa njiani. Mama Zuhura alipeleka chai ofisini siku ile na akatusimulia yote jikoni akiwa ameshika mbavu. Mkuu wa shule alikuwa ameshika ukurasa dhidi ya dirisha, anaona mnazi mmoja wa uwanja wa michezo kupitia pale jina langu lilipokuwa, na Mwalimu Mkopoka anamwuliza kwa upole, "Mkuu, wakiuliza hapa palikuwa na nini, tuwaambie nini?" Kufuta jina la mwanafunzi anayehudhuria ni kosa, na kutoboa daftari ni kosa lingine. Yakaandikwa mahudhurio mapya usiku mmoja, kwa wino, majina thelathini na matatu. Jina langu lilikuwa la mwisho na lilikosewa herufi moja. Sikulalamika.

Basi ndivyo alivyonigundua. Na nilipopewa kipaza sauti siku ile ya wahitimu, nilianza kwa shikamoo, nikamshukuru kwa kunifundisha hesabu, maana hesabu alizijua, kisha nikasimulia niliyoyaandika hapa, tangu ming'oko mpaka tundu. Kwanza watu walitazama viatu vyao. Kisha Somoe akacheka, kicheko chake kile cha jikoni, na wanawake wa zamu za bondeni wakaanza kucheka mmoja mmoja, wanakumbuka shingo zao. Mshereheshaji alijaribu kuweka muziki. Nikamwambia azime, sijamaliza.

Baada ya chakula Mwalimu Chilumba aliniita pale kwenye kabati. Alikuwa ameketi, fimbo katikati ya magoti. "Binti, umenivunjia heshima mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Na wewe ulilivunja jina langu mara kumi na moja, faraghani. Mimi angalau nimefanya mbele yako."

Niliona macho yake yamezeeka, na nilimwonea huruma, lakini huruma haikunitosha nijirudi. Mwishowe akasema, "Kuna jambo nimejiuliza miaka yote. Ulikuwa na kalamu ya wino. Nilikuona nayo. Kwa nini uliandika kwa penseli?"

"Ningeandika kwa wino ungenifukuza shule mara moja, kwa kuchafua daftari. Penseli ilikuwa kosa dogo. Na nilitaka uwe unalifuta mwenyewe, kwa mkono wako, kila wiki, ulisome kwanza."

Alitoa mfukoni ufunguo aliopewa na ofisi siku ile, akafungua kioo. Nikashika mkono wa mashine yangu, nikauzungusha. Ulilia kwa vumbi, lakini ulikwenda, ndoo mbili zikapishana, na kwenye gurudumu moja dogo bado kulikuwa na doa la kahawia tulilolikosa siku ile sakafuni. Mwalimu Chilumba akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, kalamu nzuri ya wino, akaninyooshea pamoja na ile karatasi ya kompyuta. "Andika," alisema. "Safari hii andika kwa wino, lisifutike."

Nikamshukuru, nikamrudishia kalamu. Nikaingiza mkono chini ya ushungi, nikatoa penseli yangu ya fundi ninayoiweka sikioni miaka yote, nikalikata jina lake kwa mstari, na chini yake nikaandika langu lote, herufi zote sahihi. Nikaiegemeza karatasi kwenye vitofali. Anayetaka kulifuta na aje alifute, na Jumatatu nitakuja kuliandika tena.